Mteremko husomwa kuanzia chini

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wenye umri wa miaka 12, 7 na 3, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga theluji. Tumepanga kwenda mlimani kwa gari siku ya mapumziko, watoto wateleze kwa sleji, yaani kile chombo cha kukalia na kuteleza juu ya theluji, kisha turudi nyumbani siku hiyohiyo. Tunakoishi ni mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa kuegesha magari kule mlimani ni mita 1,800. Naomba kujua mambo matatu: tununue sleji ya aina gani, tuvae nini, na huyu mdogo twende naye au tumwache? Mume wangu anasema abaki."

Jibu: Marahaba, mama. Maswali yako matatu ni ya msingi na nitayajibu yote, lakini umeliacha la nne, ambalo kwangu mimi ndilo la kwanza: watoto watatelezea mteremko upi? Nimekaa miaka mingi kwenye vikosi vya uangalizi na uokoaji mlimani, na majeruhi wa sleji niliowabeba hawakuumia kwa sababu sleji yao ilikuwa ya bei ndogo. Wengi waliumia kwa sababu sleji ilikuwa bado inakwenda pale nafasi ilipokwisha.

Watu wanaofika kwenye theluji kwa mara ya kwanza hupanda moja kwa moja hadi juu, wakageuka, wakatazama chini na kuupenda mteremko. Ninawaomba ninyi mfanye kinyume. Simameni chini, pale mteremko unapokutana na tambarare, mkaupe mlima mgongo, kisha mtazame mbele yenu kana kwamba ninyi ndio sleji inayokuja. Je, kuna uzio? Kuna nguzo, mti, jiwe lililofunikwa nusu, kijito, barabara au magari yaliyoegeshwa? Kuna uwanja mweupe uliolala mno, bila hata nyayo moja? Uwanja wa namna hiyo huweza kuwa bwawa lililoganda na kufunikwa na theluji, na unene wa barafu yake hakuna anayeujua. Ikiwa jibu la swali lolote kati ya haya ni ndiyo, tafuteni mteremko mwingine, hata kama huo mnaouacha ndio wenye watu wengi na vicheko vingi.

Tambarare hiyo ya chini, ambayo nitaiita uwanja wa kusimamia, inatakiwa iwe na urefu gani? Hapa fizikia ya sekondari inatosha, na ninaomba univumilie kidogo kwa sababu matokeo yake huwashangaza hata watu wazima. Chukua mteremko mdogo kabisa, wenye urefu wa mita 20 na mwinamo wa nyuzi 15, ambao kimo chake kutoka chini hadi juu ni mita 5 na kidogo tu. Tuseme theluji ni laini kiasi kwamba msuguano wake na sleji ni sehemu moja ya kumi ya uzito unaoteleza. Tukiuweka kando upinzani wa hewa, mtoto atafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 29 kwa saa, na atahitaji mita 32 hivi za tambarare ndipo asimame. Sasa tuseme usiku kumeganda, theluji ileile imekuwa ngumu, na msuguano umeshuka hadi nusu. Kasi ya kufikia chini itaongezeka kidogo tu, hadi kilomita 33 hivi kwa saa, kiasi ambacho jicho la mzazi haliwezi kukitambua; lakini uwanja wa kusimamia unaohitajika utakuwa mita 84. Mtoto ni yuleyule, sleji ni ileile, na mlima haukusogea.

Ndiyo maana siwezi kukuandikia kwamba mteremko fulani ni salama na mwingine si salama bila kujua ni saa ngapi na theluji ya siku hiyo ikoje. Nakumbuka asubuhi moja ya anga safi, baada ya usiku wa baridi kali, baba mmoja alimweka mwanawe kwenye sleji mahali palepale walipotelezea jana yake alasiri bila tatizo lolote. Jana yake sleji ilikuwa ikifa yenyewe katikati ya uwanja. Asubuhi ile iliuvuka uwanja wote, ikapita alama za mwisho, ikaenda kugota kwenye ukingo wa njia ya magari, na mtoto akavunjika mfupa wa mguu. Baba yule hakuwa mzembe, kwani alikuwa ameupima mteremko, ila aliupima siku nyingine.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa ni hii. Mtu mzima ateleze kwanza, naye asianzie juu bali theluthi moja ya njia kutoka chini. Aangalie sleji inasimama wapi yenyewe, bila kutumia miguu. Ikiwa imetumia chini ya nusu ya uwanja wa kusimamia, apande hatua chache na kurudia. Pale mtakapoona sleji inakaribia nusu ya uwanja, hapo ndipo penu pa kuanzia kwa saa hiyo. Choma kijiti kwenye theluji pembeni, kiwe alama, na mwambie kila mtoto kwamba kijiti hakipitwi. Jua likiingia au likitoka, theluji itabadilika, nanyi mtahamisha kijiti. Kuhusu mwinamo wenyewe, kwa watoto wako nyuzi 10 hadi 15 zinatosha kabisa, yaani mteremko ambao mtu mzima anaupanda akiwa wima bila kuegemea mbele wala kushika chini kwa mikono.

Mlima wenye theluji una hatari nyingine ambayo haionekani kwa mtu anayetazama miguu yake, nayo ni maporomoko ya theluji. Mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Huko ninyi hamtatelezea, lakini mnaweza kuwa mmesimama chini yake, kwa sababu theluji inayoporomoka haiishii pale mwinamo unapoishia. Hivyo inueni macho na mtazame kilicho juu ya mteremko wenu pia, hasa siku moja au mbili baada ya theluji nyingi kuanguka kwa mkupuo au upepo mkali kuvuma. Milima mingi yenye wageni hutolewa taarifa ya kila siku ya hatari hiyo. Katika nchi za Ulaya hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5. Isomeni kabla hamjaondoka nyumbani, na kule mlimani bakini kwenye eneo lililotengwa kwa ajili ya sleji. Njia za watelezaji wa skii, zile mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni, si zenu hata kama zinavutia, maana anayeshuka kwa skii hawezi kukadiria sleji ya mtoto itageukia wapi.

Sasa sleji. Zipo aina nyingi, na wauzaji huzipanga kwa rangi, lakini tofauti inayokuhusu ni moja: je, chombo hiki kinaweza kuongozwa na kusimamishwa na aliyekaa juu yake? Sleji ya mbao yenye reli mbili za chuma chini yake huongozeka vizuri, hudumu miaka mingi, nayo ni nzito kuivuta kupanda. Sleji ya plastiki yenye umbo la beseni refu, ikiwa na wenzo wa breki kila upande, ni nyepesi na inafaa kabisa kwa mtoto wa miaka 7. Ile ya mviringo kama sinia huzunguka ikishuka, kwa hiyo mtoto huanza safari akitazama mbele na kuimaliza akitazama nyuma. Mpira wa kujazwa upepo ni laini na watoto huupenda sana, lakini ni wa kasi, haushikiki, nao hurusha mtu akikuta tuta. Hizi mbili za mwisho sizikatazi pale ambapo kuna njia maalumu yenye kingo pande zote na mhudumu, ila kwenye mteremko wa wazi naomba msizitumie.

Kuna pia tobogani, ubao mrefu bapa usio na reli, uliopindwa mbele kama mkia wa mbwa. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini waliutumia kuvuta mizigo na mawindo juu ya theluji nene, na neno lake lilipita katika Kifaransa cha Kanada likitoka kwenye lugha za jamii ya Kialgonkini. Chombo kile kilibuniwa kuvutwa na mtu atembeaye, na ukitaka kukigeuza wakati kinashuka utaujua ukweli huo haraka. Ninyi chukueni sleji mbili: moja ya mbao inayobeba mtu mzima na mtoto, na moja ya plastiki yenye breki. Kabla ya kununua, ulizeni kule mlimani kama hukodishwa, maana kwa safari ya kwanza kukodi ni busara zaidi. Kila sleji iwe na kamba ya kuvutia, na kamba hiyo ikunjwe ndani wakati wa kuteleza isije ikaingia chini ya reli.

Namna ya kukaa ni moja tu: makalio kwenye sleji, uso mbele, miguu mbele. Kulala kifudifudi na kutanguliza kichwa ni mchezo wa wanamichezo waliofunzwa, wenye njia ya barafu iliyochongwa na kofia maalumu. Mtoto akifanya hivyo, kinachofika kwanza kwenye kizuizi ni fuvu. Kwa sleji ya reli, breki ni nyayo. Mtelezaji hukandamiza nyayo zote mbili bapa kwenye theluji, kulia na kushoto, karibu na reli, huku akijivuta nyuma na kuinua kidogo sehemu ya mbele ya sleji kwa kamba au kwa mikono. Kugeuka kushoto ni kukandamiza mguu wa kushoto peke yake, na kulia vivyo hivyo. Asichomeke kisigino kwa nguvu, kwa sababu kisigino kikinasa mguu hubaki nyuma na mwili unaendelea mbele. Mfunzeni mwenye miaka 12 jambo hili kwenye sehemu bapa kwa dakika kumi, mkimsukuma polepole, kabla hajapanda popote.

Jambo la pili la kumfunza ni kujiangusha. Watoto wengi hung'ang'ania sleji hadi mwisho kwa sababu wanaogopa kuipoteza au kuonekana waoga. Waambieni mapema, tena kwa uzito, kwamba sleji ikikataa kusimama wajilaze ubavu na kubingirika nje, na sleji iende zake. Wafanyeni wajizoeze mara tatu nne. Watacheka, nao watakumbuka. Kofia ngumu ni lazima kwa kila mtelezaji, ninyi wazazi mkiwemo. Ya skii ndiyo bora kwa kuwa hufunika masikio na kuhifadhi joto. Ya baiskeli ni afadhali kuliko kichwa kitupu, ilimradi imkae mtoto sawasawa juu ya kofia nyembamba ya ndani. Skafu ndefu iachwe nyumbani, kwani ikinaswa chini ya sleji hukaba. Badala yake tumieni kitambaa cha mviringo kinachovaliwa shingoni.

Kwa mavazi, anza na hesabu ya urefu wa mlima. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kutoka mita 400 hadi 1,800 ni tofauti ya mita 1,400, kwa hiyo mkiondoka nyumbani kukiwa na nyuzi 4 tegemeeni takriban nyuzi 5 chini ya sifuri pale mtakapoegesha gari. Kisha kuna upepo. Hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama hewa tulivu ya nyuzi 13 chini ya sifuri, na mtoto anayeshuka kwa sleji hujitengenezea upepo wake mwenyewe hata siku tulivu. Kwa hiyo msivae kwa kutazama kipimajoto cha nyumbani.

Mavazi hupangwa kwa tabaka tatu. Linalogusa ngozi liwe la sufu laini au la nyuzi za viwandani linalonyonya jasho na kulitoa nje. La kati liwe la kuhifadhi joto, kama sweta ya sufu. La juu lizuie upepo na maji. Pamba ndiyo adui, nami husema hivyo nikijua kwamba kabati za watu wengi zimejaa pamba. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa hushika maji, hugandamana na ngozi na kuunyonya mwili joto lake. Mtoto anayeteleza huketi kwenye theluji, huangukia theluji, na wengine huila. Kulowa kwake si ajali bali ni ratiba. Kwa hiyo kila mtoto awe na seti nzima ya nguo kavu kwenye gari, na jozi mbili, ikiwezekana tatu, za glavu. Glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja na gumba peke yake hupasha joto vizuri kuliko zenye vidole vilivyotenganishwa. Buti ziwe na nafasi ya vidole kucheza, kwani soksi mbili zilizobanwa ndani ya buti ndogo huzuia damu na miguu hupoa upesi kuliko kwa soksi moja. Na kabla ya kumfunga mtoto tabaka zote hizo, mpelekeni msalani. Usipofanya hivyo, mtoto atakuambia amebanwa mara tu utakapomaliza kumfunga zipu ya mwisho.

Watu husahau jua. Kadiri unavyopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana na inayounguza ngozi na macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10, na theluji mpya huweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi inayoiangukia. Mtoto hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini, chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua, hata anga likiwa na wingu jepesi. Pakeni krimu ya kukinga jua usoni kabla ya kushuka garini na mrudie baada ya saa mbili, na kila mmoja avae miwani inayofunika macho pembeni, yenye kinga dhidi ya mionzi hiyo. Ngozi nyeusi huungua taratibu zaidi, lakini macho ya kila mtu ni sawa mbele ya theluji.

Sasa nije kwa huyu wa miaka 3, ambaye nadhani ndiye aliyekufanya uandike. Mume wako ana hoja, nami sitaki uidharau. Mtoto mdogo ana ngozi nyingi kulinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto haraka kuliko ninyi. Zaidi ya hapo, hajui kusema kwamba vidole vyake vimekufa ganzi. Nimewaona wazazi wakimsifu mtoto wa umri huo kwa utulivu wake, amekaa kwenye sleji hana kelele hata kidogo, kumbe utulivu ule ndio ilikuwa dalili. Hata hivyo maoni yangu ni kwamba mwende naye, kwa masharti yafuatayo.

Asiteleze peke yake hata mara moja. Mshuke naye kwenye mwinamo mdogo kuliko ule wa ndugu zake, akiwa amekaa mbele ya mmoja wenu, kati ya miguu, na miguu yake ikiwa ndani ya sleji kabisa. Mguu mdogo ukitoka nje na kunasa, uzito wa mtu mzima nyuma yake ndio utakaouvunja, kwa hiyo mshuke polepole, kwa kasi ya mtu anayetembea haraka, au msishuke. Mara nyingi mtoto wa umri huo hufurahi vilevile akivutwa kwenye tambarare, na mkubwa mwenye miaka 12 akipewa kazi ya kumvuta hujiona mtu wa maana. Msimfunge kwa kamba kwenye sleji kwa kudhani mnamlinda, kwani sleji ikipinduka hatakuwa na namna ya kutoka. Asikae nje zaidi ya dakika 20 hadi 30 kwa mkupuo kabla ya kuingizwa mahali pa joto. Na muwe mmekubaliana tangu nyumbani kwamba mmoja wenu ni wake siku hiyo nzima, bila kupokezana kwa mazoea. Mkishindwa kukubaliana juu ya sharti hili la mwisho, basi mume wako ameshinda na mtoto abaki.

Kila mnapompa mapumziko, mvueni glavu na kumshika vidole. Vikiwa baridi na vyekundu, vipasheni joto kwapani mwenu. Mkiona kwenye shavu, pua, sikio au kidole doa lililopauka au kugeuka kijivu, ambalo kwenye ngozi nyeusi huonekana kama majivu, na mtoto hahisi mkiligusa, hayo ni majeraha ya baridi yanayoanza. Msisugue, na kamwe msipake theluji kama wanavyosimulia wazee wa zamani. Mwingizeni ndani, mvueni kilichobana, na mtie sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, yaani yale ambayo kiwiko chako kinayaona ya kawaida. Moto na hita haifai kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila kujijua. Hisia zisiporudi, au pakitokea malengelenge, huyo ni wa hospitali.

Hatari kubwa zaidi ni mwili mzima kupoa. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtoto hutetemeka, hujikwaa, huangusha vitu na kunena kama mlevi. Kutetemeka kukikoma huku bado yuko baridi, mzazi asiye na habari hupumua akidhani nafuu imekuja, kumbe mwili umeishiwa nguvu ya kujitetea. Toeni nguo zilizolowa, mfunikeni mwili mzima na kichwa, mpeni kinywaji chenye joto na utamu kama yu macho na anameza vizuri, kisha mwite mwokoaji. Kuhusu kugonga kichwa, mtoto akitapika, akichanganyikiwa, akasinzia isivyo kawaida au akasahau kilichotokea, siku ya kuteleza imekwisha na safari ni ya kwa daktari, hata kama kofia haina mkwaruzo. Urefu wa mita 1,800 kwa kawaida hausumbui watu. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana zaidi kuanzia mita 2,500 hivi. Lakini kukiwa na treni au kiberenge cha kamba kinachopanda juu zaidi, msikifuate na mtoto wa miaka 3 kwa ziara ya kwanza.

Ratiba yenu iongozwe na saa za mwanga. Majira ya baridi mchana ni mfupi, na bonde lililo nyuma ya mlima hupoteza jua mapema kuliko kalenda inavyosema. Ondokeni alfajiri, fikeni asubuhi, subirini barafu ya usiku ilainike kidogo, telezeni hadi saa saba au nane mchana, kisha mwanze kufungasha kungali mchana mweupe. Theluji iliyoyeyuka barabarani huganda upya jua linapotua, na huo ndio utelezi msioutaka. Gari liwe na tairi za majira ya baridi, kwa sababu mpira wa tairi za kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na liwe na minyororo ya tairi ambayo mmeshajifunza kuifunga nyumbani, mkijua ni magurudumu yapi yanayosukumwa na injini. Wakati wa kushuka tumieni gia ndogo, na breki zibonyezwe kwa upole. Mkikwama na kutaka kuwasha injini ili mpate joto, kwanza fukueni theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, moshi wenye monoksidi ya kaboni huingia ndani, nayo ni gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

Ajali nyingi nilizohudumia zilitokea watu wakiwa wamechoka, alasiri, kwenye ile "mara moja tu ya mwisho". Kwa hiyo msiwatangazie watoto mara ya mwisho. Waiteni wakati wanapanda, wakati sleji iko mikononi, nanyi mtakuwa mmeokoa pia mabishano. Garini wabadilisheni nguo kabla ya kuondoka, soksi kwanza. Na mnapomfunga mdogo kwenye kiti chake, mvueni lile koti nene, kwa kuwa mkanda unaoonekana kumbana juu ya koti huwa umelegea kwa upana wa koti lenyewe. Mfungeni akiwa na sweta, kisha mfunikeni koti kwa juu kama blanketi.

Usiku huo, kama kuna mtoto aliyevua miwani yake mnara wa theluji ulipokuwa mtamu kuujenga, huenda akalia kwamba macho yana mchanga, yanatoka machozi na hayataki taa. Macho yaliyounguzwa na mionzi huanza kuuma saa 6 hadi 12 baadaye, ndipo wazazi hushindwa kuhusisha. Mzimieni taa, mwekeeni kitambaa baridi chenye unyevu juu ya kope zilizofumbwa, asiyapekeche, na mpeni dawa ya maumivu inayolingana na umri wake. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Yasipopona, au akiona ukungu, mpelekeni kwa daktari wa macho.